Malezi: Mtoto Anaanza Shule



Kila mwezi wa Januari shule zetu za msingi hupokea watoto wapya. Wengine huingia darasa la awali, wengine darasa la kwanza. Je, mtoto wako yuko tayari? Usijibu upesi. Sare mpya si jibu.

Chukua mfano wa mtoto mmoja. Nyumbani kila mtu humwita Babu, maana amerithi jina la babu yake. Siku ya kwanza mwalimu anaita majina. Anaita jina la mtoto huyu kama lilivyoandikwa katika daftari. Kimya. Anaita tena. Kimya. Mwalimu anaandika kwamba mtoto hakuja. Kumbe Babu amekaa mbele yake! Hajui kwamba jina lile ni lake.

Baadaye Babu anabanwa na mkojo. Nyumbani kwao husemwa Kisukuma. Hajui aombeje ruhusa kwa Kiswahili, na mwalimu anamwogopa. Kaka yake amemwambia mara nyingi, "Ngoja uende shule, utachapwa!" Basi, anajikojolea. Wenzake wanamcheka. Kesho yake anasema tumbo linamuuma, haendi. Wazazi wanadhani ni mvivu. Si mvivu. Hakuandaliwa.

Ndugu mzazi, kazi hii hufanyika nyumbani, tena haitaki fedha. Anza leo. Mwite mtoto kwa jina lake la shule mpaka azoee kuitika. Mfundishe kusema, "Mwalimu, naomba ruhusa kwenda chooni." Arudie, arudie tena. Afungue na kufunga vifungo vyake mwenyewe. Anawe mikono kwa sabuni. Mpeleke shuleni siku moja aione njia, darasa na choo. Wala usimtishe kwa jina la mwalimu.

Na hesabu je? Mama akichambua maharage, mtoto ahesabu kumi. Baba akicheza bao, mtoto ahesabu kete. Akina baba wengine husema hiyo ni kazi ya akina mama. Mimi sikubali. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unakumbuka jinsi mkono ulivyotetemeka uliposhika kalamu mara ya kwanza. Chukua kijiti, andika jina la mtoto mchangani. Yeye alifuatishe kwa kidole. Akikosea, usimkaripie.

Hapa Tanzania, ada na michango ya lazima iliondolewa katika shule za msingi za serikali. Lakini sare na madaftari hununua mzazi. Weka akiba wakati wa mavuno, kabla ya sikukuu za Desemba kumaliza fedha. Mwandikishe mapema, ukiwa na cheti chake cha kuzaliwa. Kama hana, mwone ofisa mtendaji wa kijiji akueleze la kufanya.

Asubuhi ya kwanza mpe uji kabla hajaondoka. Nenda naye wewe mwenyewe. Ukifika, mweleze mwalimu jina analoitwa nyumbani.