Pampu ni mpya, mbona gari bado haliwaki?

Huenda, msomaji, jambo hili limewahi kukufika. Gari lilianza kukohoa barabarani, likazimika, likakataa kuwaka. Fundi akaitwa, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa na kusema: "Pampu ya petroli imekufa." Pesa zikatafutwa, pengine zile zilizokuwa zimewekewa karo. Pampu ikanunuliwa Barabara ya Kirinyaga, kiti cha nyuma kikang'olewa, kazi ikafanywa. Stata ikapigwa, injini ikazunguka na kuzunguka, lakini gari likabaki pale pale kama jiwe.

Hapa ndipo pesa za familia nyingi hupotelea. Fundi atasema sasa ni plagi. Plagi zikinunuliwa, ni koili. Koili ikinunuliwa, ni kompyuta. Mwezi unapokwisha gari lina vipuri vipya tele, na bado halijatoka uani. Leo ningependa tufuate njia nyingine: kupima kwanza, kununua baadaye.

Nitachukua mfano wa Toyota Corolla ya injekta ya miaka ya 1990, gari ambalo limelea familia nyingi hapa nchini. Pampu yake ni ya umeme na imo ndani ya tangi la petroli, chini ya kiti cha nyuma. Mengi tutakayosema yanahusu pia magari mengine ya injekta. Ikiwa gari lako ni la kabureta, pampu yake mara nyingi imefungwa ubavuni mwa injini na husukumwa na injini yenyewe. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Swali la kwanza kabisa

Kabla ya kushika spana, jiulize: gari lilikuwa katika hali gani kabla pampu haijabadilishwa? Swali hili halina gharama, nalo linaweza kukuokolea maelfu ya shilingi.

Ikiwa gari lilikuwa likiwaka, hata kama kwa taabu, kisha baada ya kazi likakataa kabisa, basi mshukiwa wa kwanza ni kazi yenyewe. Kuna kitu kimesahauliwa, kimelegea au kimefungwa kinyume. Rudi mahali pale palipoguswa.

Lakini ikiwa gari lilikuwa limekufa kabisa, na baada ya pampu mpya limekufa vile vile, basi yawezekana pampu ya zamani haikuwa na hatia. Aliyemaliza chaji ya betri hamponyi mgonjwa wake kwa kumnunulia viatu. Pampu inashughulika na petroli pekee. Injini ili iwake inahitaji petroli ya kutosha, cheche kwenye plagi, na hewa inayosindiliwa sawasawa ndani ya silinda. Kimoja kikikosekana, pampu hata iwe mpya namna gani haitasaidia.

Tahadhari ya moto

Petroli si mchezo. Mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi kali, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni hadi ukute moto. Kwa hivyo fanya kazi nje, mbali na jiko la makaa, sigara na taa ya moto. Watoto wasisogee. Tangi linapofunguliwa, toa kwanza waya wa hasi wa betri. Uwe na kizimamoto cha unga karibu, kwa maana maji huieneza petroli inayowaka.

Aidha, usinyonye petroli kwa mdomo ukitumia mpira. Ikiingia mapafuni inaweza kuua. Mtu akiimeza, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitalini mara moja.

Je, tangini mna petroli?

Usicheke. Wengi wetu hununua petroli ya shilingi mia tano leo na mia tano kesho. Fundi anapobadilisha pampu, mara nyingi hupunguza petroli tangini ili asimwagikiwe. Isitoshe, katika magari mengi boya linaloongoza geji ya mafuta limeshikana na pampu. Likipinda wakati wa kazi, geji itakuonyesha nusu tangi ilhali ndani ni pakavu. Ongeza lita tano, kisha ujaribu tena. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote.

Kumbuka pia kwamba baada ya pampu kufungwa, mirija huwa imejaa hewa. Weka ufunguo kwenye ON kwa sekunde chache bila kupiga stata, uzime, kisha urudie mara nne au tano. Katika magari mengi pampu hufanya kazi kwa sekunde mbili hivi kila unapofanya hivyo, na hewa hutoka. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, hata hivyo, huenda pampu isianze mpaka injini izungushwe. Basi piga stata kwa sekunde zisizozidi 10, upumzishe kidogo, kisha urudie. Ukiing'ang'ania utamaliza betri na kuichoma stata, uwe sasa na magonjwa matatu badala ya moja.

Sikiliza pampu

Mwombe mtoto mkubwa au jirani apige stata huku wewe ukiwa umetega sikio kwenye mdomo wa tangi, kifuniko kikiwa kimefunguliwa. Pampu nzima hutoa mlio mwembamba kama wa nyuki. Kuanzia hapa njia inagawanyika mara mbili, nawe ufuate moja tu.

Pampu ikiwa kimya, tatizo ni umeme. Anza na fyuzi iliyoandikwa EFI katika kisanduku kilicho chini ya boneti. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya ampea zile zile. Usiifunge kwa waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi hukatika ili waya usiungue, na waya unaopita karibu na tangi la petroli si wa kuchezewa. Ikikatika tena papo hapo, kuna waya uliobanwa au kuchunika, pengine chini ya kile kifuniko kilichofunguliwa.

Baada ya fyuzi, tazama rilei. Mara nyingi kisandukuni mna rilei nyingine ya umbo na namba ile ile. Zibadilishane kwa muda. Gari likiwaka, umempata mwizi kwa bei nafuu. Kisha uende kwenye soketi ya nyaya iliyo juu ya tangi. Je, imesukumwa hadi ikashika? Vijipini vyake vimepinda au vimeota kutu? Waya wa hasi unaoshikana na bodi umefungwa mahali pasipo rangi wala kutu?

Kwa Corolla hizi, fundi ana kipimo kizuri. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Akiunganisha tundu la FP na lile la +B kwa kipande cha waya, kisha ufunguo ukawekwa ON, pampu inapaswa kuguruma bila kupitia kwa kompyuta ya injini. Ikiguruma hapo, pampu na nyaya zake ni nzima, na anayekosa kuiamrisha ndiye wa kutafutwa. Kazi hii iachie mtu anayeijua, kwani kukosea tundu kunaweza kuharibu kompyuta.

Mlio upo, petroli haifiki

Njia ya pili ndiyo huwachanganya hata mafundi. Pampu inalia vizuri, kila mtu anasema ni nzima, lakini injini haipati kitu. Sababu za kawaida ni hizi.

Kwanza, nyaya za pampu zimebadilishwa, chanya mahali pa hasi. Hili hutokea hasa pampu mpya inapokuja na soketi isiyolingana, na fundi akakata nyaya na kuziunga kwa mkono. Pampu huzunguka kinyume, italia, lakini haitasukuma petroli inavyotakikana.

Pili, ule mpira mfupi ulio ndani ya tangi, unaounganisha pampu na bomba la juu, umechomoka au umepasuka. Petroli husukumwa vizuri, kisha inarudi tangini pale pale. Ni kama kuchota maji kwa pakacha. Mpira wenyewe lazima uwe wa kuhimili kulowa ndani ya petroli, na ukazwe kwa vibano vyake. Kufunga kwa waya hakutoshi.

Tatu, mirija miwili iliyo juu ya tangi imebadilishana: ule wa kupeleka petroli kwa injini umefungwa mahali pa ule wa kuirudisha.

Nne, chujio limeziba. Ikiwa pampu ya zamani iliuawa na uchafu, uchafu huo bado umo tangini na kwenye chujio. Kufunga pampu mpya bila kusafisha tangi na kubadilisha chujio ni kumvisha mtoto nguo safi kabla hajaoga.

Tano, pampu yenyewe si ya gari hilo. Pampu ya umeme iliyotengenezewa kabureta husukuma kwa nguvu ndogo sana, psi tano hivi, ilhali injekta za Corolla tunayoizungumzia zinataka takriban psi 38 hadi 44. Zote mbili hulia. Ni geji ya kupima msukumo pekee itakayokuambia ukweli, na fundi wa injekta asiye na geji hiyo anabahatisha.

Petroli inafika, gari bado limenuna

Hapo sasa iache pampu ipumzike. Chomoa plagi moja uitazame. Ikiwa imelowa petroli na injini haiwaki, basi cheche hakuna au ni dhaifu, au injini imenyweshwa kupita kiasi. Kwa hilo la mwisho, kausha plagi, uzirudishe, kisha upige stata huku umekanyaga mafuta hadi chini. Katika magari mengi ya injekta kompyuta huelewa kuwa unataka kukausha silinda, nayo hupunguza au kukata petroli. Kipimo cha cheche kifanywe na fundi, mbali na petroli iliyomwagika.

Usisahau betri. Baada ya siku nzima ya kujaribu-jaribu, huwa imechoka. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi gari likiwa limezimwa. Ikishuka sana chini ya 10 wakati wa stata, injini itazunguka bila uhai na cheche zitafifia. Ichaji kwanza ndipo uendelee.

Halafu kuna swichi za kuzuia wezi. Magari mengi hapa nchini yamefungwa swichi ya siri, alamu au kifaa cha kufuatilia gari kinachoweza kukata umeme wa pampu au wa cheche. Kiti cha nyuma kinapong'olewa na nyaya kuvutwa, ni rahisi kuviathiri. Ikiwa ulinunua gari mkononi mwa mtu, mpigie simu umwulize alificha nini na wapi. Baadhi ya Ford na Land Rover nazo zina swichi inayokata petroli gari likigongwa. Hata kishindo cha shimo kinaweza kuifyatua, na dawa yake ni kubonyeza kitufe tu.

Wewe na fundi wako

Mafundi wengi wa jua kali ni watu hodari na waaminifu, na simu moja ya ghadhabu yaweza kukuvunjia urafiki wa miaka kumi. Lakini pesa ni zako, na kuuliza si utovu wa adabu. Fundi akikuambia pampu imekufa, mwulize kwa utaratibu: "Umejuaje?" Jibu zuri litakuwa na kipimo ndani yake: umeme unafika kwenye pampu na haizunguki, au msukumo umepimwa na uko chini. Jibu la "nimeona nyingi za namna hii" halitoshi kukufanya uguse pesa za karo.

Vilevile, itake pampu ya zamani irudi mikononi mwako. Ikiunganishwa na umeme nje ya gari kwa nukta chache, na mtu anayejua, mahali pasipo na mvuke wa petroli, itasema yenyewe kama kweli ilikufa. Na stakabadhi ya ile mpya iwe na jina la duka, ili ikiwa ni bandia uwe na pa kuirudisha.

Mwisho, ili usirudi hapa tena: usiendeshe gari kila siku taa ya petroli ikiwaka. Petroli inayopita ndani ya pampu na kuizunguka ndiyo inayoipoza. Tangi likikaa karibu na ukavu, pampu huchemka, na uchafu wa chini huvutwa ndani. Jizoeze kuongeza mafuta geji inapofika robo. Pesa ni zile zile, ila pampu itaishi zaidi.

Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, tutaitazama ile hadithi ya siku nyingine: pampu ya gari la kabureta. Hadi hapo, pima kabla ya kununua.