Ruthu Hakuwa na Mume
"Kwani unaolewa na nani?" Ndilo swali la kwanza kila nikisema nimeingia dini ya Kiyahudi. Shangazi aliuliza. Hata sinagogini, mama mmoja alininong'oneza kwamba ana mpwa. Jamani! Niliketi mbele ya majaji watatu wa dini, nikazama majini. Hakuna bwana harusi aliyeningoja nje.

Huyo Ruthu mnayemhubiri kila harusi, alipoapa kumfuata Naomi na Mungu wake, mumewe alikuwa kaburini. Boazi alikuja baadaye.

Ijumaa, kabla jua halijatua, nawasha mishumaa, kisha nabariki divai mwenyewe. Sheria inaniwajibisha hata mimi mwanamke. Nyumba huwa kimya, na siku zingine kimya huuma. Lakini upweke haufanyi imani yangu kuwa nusu. Acheni kuitafutia mwanamume.