Wiki imehama, lakini mgeni amebaki nje

Haya, nimerudi. Kimya changu cha mwezi mzima kilikuwa na sababu, nayo ni wiki. Sisemi wiki ya siku saba, nasema ile tovuti ambayo msomaji anaweza kuihariri mwenyewe, kama Wikipedia. (Atakayetupatia neno jingine la Kiswahili la kitu hiki nitamshukuru sana, nimechoka kuulizwa "wiki gani?")

Kuna kikundi ninachokisaidia kutunza wiki ya istilahi za kompyuta kwa Kiswahili. Inatumia MediaWiki, programu ile ile inayoendesha Wikipedia. Seva yetu ilikuwa imezeeka na diski imejaa, basi Jumamosi moja nikaihamisha. Nikanakili hifadhidata kwa mysqldump, nikabeba picha na faili la LocalSettings.php, nikaendesha update.php, nikaelekeza jina la tovuti kwenye seva mpya. Jioni kurasa zote zikafunguka. Nikahariri ukurasa mmoja, ukakubali. Nikafunga kompyuta nikaenda kutazama mpira, najiona fundi kweli kweli.

Wiki tatu baadaye (hizi sasa ni za siku saba!) akaniandikia mwalimu mmoja mstaafu: "Mwanangu, nimejaribu kujiandikisha mara nne, kila mara kwa jina jingine. Naambiwa nisubiri barua pepe, na barua haiji. Labda mimi ndiye sijui mambo haya ya kompyuta. Basi, nawaachia vijana."

Alitaka kusahihisha maana ya maneno mawili tu. Na alikuwa na haki, maana zote mbili zilikuwa mbovu.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kosa, na ninayosema leo yanatokana na aibu hiyo. Wiki yetu imewekwa $wgEmailConfirmToEdit kuwa true, yaani huwezi kuhariri mpaka ubofye kiungo unachotumiwa kwa barua pepe. Waliojiandikisha kabla ya kuhama walikuwa wamethibitisha zamani, kwa hiyo hawakuona tofauti yoyote. Mimi msimamizi ndiyo kabisa. Aliyeumia ni mgeni peke yake, na mgeni hana pa kulalamika, kwa sababu hata kuandika kwenye ukurasa wa majadiliano kunahitaji awe amethibitisha!

Nikaingia kwenye seva nikaandika mailq. Jamani... barua zilikuwa zimepanga foleni kama watu wa matatu siku ya mvua. Kila moja imeandikwa kwamba muunganisho umekawia mpaka muda ukaisha. Kampuni nyingi zinazokodisha seva hufunga mlango namba 25 wa kutoka, kwa kuogopa watuma barua taka, na seva yetu mpya ilikuwa hivyo. MediaWiki usipoiambia vinginevyo huikabidhi PHP barua, PHP huikabidhi Postfix, na Postfix hukaa nayo ikijaribu tena na tena. MediaWiki yenyewe haijui kitu. Inamwambia mgeni barua imetumwa, na kwa upande wake haidanganyi.

Kibaya zaidi, Postfix kwa kawaida hushikilia barua siku 5 kisha huirudisha kwa mtumaji. Anwani yetu ya mtumaji, ile ya $wgPasswordSender, hakuna anayeisoma. Kwa hiyo foleni niliyoiona ilikuwa ya siku tano za mwisho tu. Waliotangulia walikuwa wamekwisha kupotea, na hata barua zao zingetoka leo zisingefaa kitu, kwa sababu kiungo cha kuthibitisha hufa baada ya siku 7.

Dawa yenyewe haikuchukua hata saa mbili. Niliweka $wgSMTP ili barua zipitie kwa mtoa huduma ya barua kwa mlango 587, kisha nikarekebisha rekodi ya SPF kwenye DNS, ambayo bado ilikuwa inaitaja seva ya zamani. Hili la pili usilidharau. Tangu Februari 2024 Gmail inadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, la sivyo barua yako inaweza kukataliwa au kutupwa kwenye taka.

Rafiki yangu mmoja, naye mtengenezaji programu, aliniambia: "Unajisumbua bure, funga usajili kabisa. Anayetaka akaunti akuandikie, umfungulie kwa mkono." Ninajua anakotoka. Wiki iliyo wazi bila mlinzi hujaa matangazo ya kamari na ya dawa za ajabu kabla hujamaliza chai. Lakini mwalimu yule alichukua wiki tatu kuamua kuniandikia, na hakuandika kuomba, aliandika kuaga. Ni wangapi wasingeniandikia kabisa? Kwa spamu tuna swali la ulinzi la kiongezo cha ConfirmEdit, na swali letu linamshinda roboti wa Kizungu kwa kuwa linauliza methali.

Mwingine akasema nizime uthibitisho wa barua pepe. Hapana. Mtu aliyekosea kuandika anwani yake akisahau neno la siri, utamrudishaje ndani?

Makosa mengine ya kuhama hujitangaza yenyewe. Ukisahau kubadilisha $wgServer, watu hutupwa kwenye anwani ya zamani. Ukibeba mpangilio wa Memcached kwenda seva isiyo na Memcached, kila mtu huambiwa kipindi chake kimepotea, wewe ukiwamo, na utapigiwa simu siku hiyo hiyo. Kosa lisilomgusa msimamizi ndilo hukaa wiki tatu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kuhamisha wiki hakujaisha mpaka ufungue dirisha la faragha, ujiandikishe kama mtu usiyemjua, kwa anwani ya pembeni, upokee barua, ubofye, uhariri neno moja. Dakika kumi. Mimi niliziona nyingi, nikaenda kutazama mpira.

Waliopotea hawakupotea kabisa, maana hifadhidata inawakumbuka. Kwenye jedwali la user, tafuta ambao user_registration yao ni ya baada ya siku ya kuhama na user_email_authenticated yao ni tupu. Kwetu walikuwa 23, wanne kati yao wakiwa mwalimu mmoja. Nimewaandikia wote, mmoja mmoja, kuwaambia kosa lilikuwa langu na kwamba waingie waombe kiungo kipya. Mpaka jana usiku sita wamerudi. Mwalimu alikuwa wa pili, na ameniletea orodha ya maneno mengine kumi na moja tuliyoyakosea.