Tangi la Petroli Lishikwe kwa Mikanda

Ninyi mliokwisha kutoka shuleni hapa, bila shaka mnaikumbuka Land Rover kuukuu iliyokaa nyuma ya karakana, kuku wakitaga ndani yake. Ni Series IIA ya mwaka 1962. Sisi wa darasa la juu tunaifufua, na injini imekwisha kunguruma. Ubishi uliobaki ni wa tangi la petroli.

Tangi la asili lilikuwa limeliwa na kutu. Tumepata jingine la gari la namna nyingine, zima kabisa, la lita 45, ila masikio yake hayalingani na mikono ya chuma ya chasisi. Hatuna budi kuunda vishikizo wenyewe. Wenzangu wasema tukate chuma kinene, tukaze pembe zote nne kwa kuchomelea, basi. Mimi nakataa.

Petroli lita 45 ina uzito wa kilo 33 hivi, mbali na tangi lenyewe, na gari likitumbukia shimoni vishikizo huvutwa kwa nguvu inayozidi uzito huo. Tena chasisi hujipinda katika njia mbovu, gurudumu moja likipanda na jingine likishuka. Tangi lililokazwa pembe nne hupindwa pamoja nayo, na bati lake ni jembamba. Nayasema haya kwa aibu: kishikizo cha kwanza nilikichomelea mimi, nikajisifu. Tulijaza maji katika tangi, tukazunguka uwanja wa mpira mara sita, tukakuta ufa mwembamba kama unywele kando ya kiungo. Na katika gari hili tangi liko chini ya kiti! Atakayeukalia ufa huo ni mtu.

Nataka mikanda miwili ya chuma bapa ipite chini ya tangi, ifungwe kwa bolti. Kati ya mkanda na bati uwekwe mpira, lakini si wa tyubu, maana petroli huuvimbisha. Na kwa kuwa mpira huzuia umeme, tangi lifungiwe waya hadi kwenye chasisi, ama sivyo geji haitasema kweli.

Kuna na mwenzetu adhaniaye kuwa tangi likiwa tupu halina hatari kulichomelea. Ndugu yangu, kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, nao hubaki baada ya petroli kumwagwa. Tangi liwekwe mbali kabisa tunapowasha moto.

Wazee wa shule wapendao gari libaki kama lilivyotoka kiwandani watasema mikanda hii haikuwako. Kweli haikuwako. Lakini bolti hufunguliwa. Siku mmoja wenu akituletea tangi la asili, tutaitoa bila kukata kitu. Mpaka siku hiyo, nimekwisha kuchaguliwa kuwa dereva wa kwanza, na juu ya tangi lililochomelewa pembe nne siketi.