Kukariri Si Kujua

Wako walimu wasemao ya kuwa kemia ya kaboni ni kukariri tu: mwanafunzi ajue kwamba dawa hii ikikutana na kitu hiki hutoka kile, naye atafaulu. Wazazi nao hufurahi wamsikiapo mtoto akitaja majina marefu. Sisi twalikataa neno hili, maana ni hasara kwa mtoto na kwa karo aliyolipiwa.

Natutwae sabuni, kwa kuwa hakuna nyumba isiyoijua. Mafuta ya nazi yakipikwa na kostiki hutoka sabuni na gliserini. Chevreul wa Ufaransa aliyaeleza maumbile ya mafuta katika kitabu chake cha mwaka 1823. Hata kasuku aweza kuyasema hayo. Lakini mwulize: ni kiungo gani kilichokatika? Atanyamaza.

Ajuaye njia atajibu: katika mafuta mna kaboni iliyoshikana na oksijeni mbili, nazo huvuta elektroni zake hata ikapungukiwa. Haidroksidi ya kostiki, yenye elektroni za kutoa, huishika kaboni hiyo; ndipo upande wa gliserini hufukuzwa. Wala haya si ya kubuni. Mwaka 1934 Polanyi na Szabo walivunja esta kwa alikali katika maji yenye oksijeni nzito, wakaona alkoholi iliyotoka haina oksijeni ile nzito. Basi alkoholi iliondoka na oksijeni yake ya kwanza, na kiungo kilichokatika ni kile kati ya oksijeni hiyo na kaboni tuliyoitaja.

Tena atajua kwa nini sabuni hairudi kuwa mafuta. Asidi iliyozaliwa hutoa protoni yake mara moja ikawa chumvi, na alkoholi haiwezi kuishika chumvi hiyo. Esta ikivunjwa kwa asidi, chumvi haipatikani. Kwa hiyo kazi huenda mbele na kurudi nyuma. Mkariri ana mambo mawili ya kusahau. Mwenye kujua ana sababu moja.

Watatuambia, "Mtihani haungoji sababu." Twajibu: mtihani ukigeuza swali kidogo tu, mkariri amepotea. Hatukatai kukariri, majina ni kama herufi, hayana budi kushikwa. Walakini ajuaye herufi asiweze kusoma neno, hajasoma.

Enyi wazazi, mtoto arudipo likizo msimwulize amekariri mangapi. Mwulizeni, "Kwa nini?" Nanyi walimu, mpeni jibu kabla hajaulizwa.