Kitana chenye sura ya kisu: kichekesho kwa nani?

Najua wengi mmebanwa na test wiki hii, na mimi niliahidi kuandika kuhusu foleni ya kafeteria, lakini ile foleni haina haraka, kesho mtaikuta palepale. Leo naongelea kitana. Ndiyo, kitana cha kuchania nywele! Na msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye kutaka kubisha ajiandae: kile kitana kinachofunguka kama kisu ni kichekesho safi sana, ila mtu mweusi asitembee nacho mfukoni Marekani. Na hata hapa Dar ningefikiria mara mbili.

Kwa ambaye hajawahi kukiona: kimefungwa ni mpini tu, mweusi, mwembamba, una vipande vya chuma kinachong'aa huku na huku. Unabonyeza kitufe, springi inafyatuka, ta! Kila mtu anaruka. Halafu wanaangalia vizuri, wanakuta meno ya kitana. Wewe unajichana taratibu kama hujafanya kitu. Hahaha. Mara ya kwanza kuoneshwa nilicheka mpaka nikakaa chini.

Aliyenionesha ni rumeti wangu, kaletewa na mjomba wake anayeishi kulekule Marekani. Kichwa cha rumeti ni kipara, ananyoa kila Jumamosi. Na hata angefuga nywele, meno ya kitu hiki yamebanana kiasi kwamba kwenye nywele zetu za kipilipili yangekwama hapohapo mlangoni. Kimetengenezwa kwa nywele za kizungu zilizolazwa kwa mafuta. Kwa hiyo pale chumbani kwetu kazi yake ni moja tu, kutisha wageni.

Sasa nikaanza kujiuliza, kinatisha kwa nini? Mbona kalamu ya springi haitishi? Nikaingia intaneti (kitabu cha takwimu kikiwa wazi mezani, msinisemee kwa mwalimu) nikakuta hadithi ndefu.

Kisu chenyewe kinachoigwa ni cha Kiitaliano. Kuna mji unaitwa Maniago, kaskazini mashariki mwa Italia, watu wake wamefua visu kwa karne nyingi. Wanajeshi wa Marekani waliopigana Italia kwenye Vita Kuu ya Pili walirudi nyumbani navyo kama zawadi, biashara ikafuata nyuma yao. Mwaka 1950 gazeti moja la akina mama, Woman's Home Companion, likatoa makala yenye kichwa kinachomaanisha "kichezeo kinachoua", kuhusu vijana na visu vya springi. Wazazi wakashikwa na hofu. Hollywood nayo ikaona hapa kuna hela. Mwaka 1955 James Dean akapigana kwa kisu hicho kwenye Rebel Without a Cause. Mwaka 1957 ikaja 12 Angry Men, ambamo kisu cha namna hiyo ndicho kielelezo kikuu kwenye kesi ya mauaji ya kijana wa mtaa wa hali ya chini, na mwaka huohuo West Side Story ikapanda jukwaani New York, magenge mawili ya vijana, Wapuerto Rico upande mmoja.

Na mwaka 1958 Kongresi ikapitisha sheria. Marufuku kuingiza kisu cha springi kutoka nje au kukisafirisha kibiashara kutoka jimbo moja kwenda jingine. Faini mpaka dola 2,000, jela mpaka miaka mitano. Uingereza nao wakatoa yao mwaka 1959.

Hapa ndipo panaponivutia. Kisu cha jikoni kikaachwa dukani. Kisu cha bucha kikaachwa. Kisu cha kukunja ambacho unakifungua kwa kucha kikaachwa. Vyote hivyo vinaingia mwilini vilevile, kidonda hakina habari kisu kilifungukaje. Kilichopigwa marufuku ni springi na kitufe. Yaani ule mlio, ule ufyatukaji, ule utisho wa kwenye sinema. Na msidhani naongeza chumvi: ndani ya sheria ile kuna kifungu kinachomruhusu mtu mwenye mkono mmoja kutembea na kisu cha springi, mradi bapa lisizidi inchi tatu. Wabunge walijua kabisa kwamba springi ina matumizi ya kawaida, kwamba mtu anaweza kuihitaji kumenya chungwa. Walichokuwa wanakiogopa ni aina fulani ya vijana, na kisu kikawa alama yao.

Sasa angalieni maajabu. Kitana hiki kimeondoa kile kinachochoma, yaani bapa, kikabakiza kile ambacho sheria ilikiogopa, yaani kitufe, springi na mlio. Aliyekibuni, awe nani, alikuwa na akili sana. Na alijua vijana wenyewe, kwa sababu wale vijana wa nywele za mafuta kifaa chao halisi cha kila saa kilikuwa kitana! Kwenye tamthilia ya televisheni 77 Sunset Strip, iliyoanza 1958, mwaka uleule wa sheria, kulikuwa na kijana anaitwa Kookie, kazi yake kujichana tu, na wasichana wakampenda wakafa. Miaka ya 70 hofu ikawa imeshaisha, imebaki kumbukumbu tamu. Fonzie wa Happy Days anasimama mbele ya kioo, anatoa kitana, anajiona ameshapendeza, anakirudisha. Grease ikaja 1978. Mhuni wa mwaka 1955 ambaye wazazi walimfungia mlango amegeuka mtu wa kuchekesha familia nzima baada ya chakula.

Lakini ni mhuni yupi aliyesamehewa? Hapo ndipo kicheko changu kilipokatika.

New York walikuwa na sheria yao, nayo ya miaka hiyohiyo ya 50, ya kukataza kisu ambacho unaweza kukifungua kwa kukung'uta mkono. Ikakaa hadi 2019. Maelfu ya watu walikamatwa kwa sheria hiyo, wengi wao weusi na Walatino, na wengi walikuwa na visu vya kazi tu, vilivyonunuliwa madukani kwa risiti, mafundi na watu wa stoo wanaokata maboksi. Askari anajaribu kukung'uta mara moja, mara mbili, mara ya nne kinafunguka: twende kituoni.

Baltimore, tarehe 12 Aprili 2015, kijana Freddie Gray, miaka 25, aliwaona polisi akakimbia. Wakamkamata, wakakuta kisu mfukoni. Polisi wakasema ni cha springi, hakiruhusiwi. Mwendesha mashtaka wa mji akasema ni cha kawaida, kinaruhusiwa. Yaani mabishano yaleyale ya 1958: kinafungukaje? Wakati wanabishana Gray alikuwa ameshakufa, tarehe 19, kwa jeraha la uti wa mgongo alilolipata akiwa mikononi mwa polisi, ndani ya gari lao. Askari sita walishtakiwa, hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani.

Mtasema, kile kilikuwa kisu kweli, hiki ni kitana. Sawa. Novemba 2007, Brooklyn, polisi walimpiga risasi Khiel Coppin, miaka 18, wakamuua. Mkononi alikuwa na brashi ya nywele. Niseme na upande wa pili, maana si vizuri kuhadithia nusu: kwenye simu iliyopigwa polisi kutoka nyumbani kwao alisikika akisema ana bunduki, na alikuwa na matatizo ya akili. Lakini brashi ilibaki brashi. Novemba 2014, Cleveland, Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, alikuwa anachezea bastola ya bandia bustanini. Gari la polisi liliposimama, sekunde mbili tu, akapigwa risasi. Kitu kinachofanana na silaha kinahitaji mtu wa pili akupe nafasi ya kukiangalia vizuri. Ule mzaha wote wa kitana unakaa kwenye hiyo sekunde ya pili, pale mtu anapoona kumbe ni meno. Fonzie anapewa sekunde hiyo, hata dakika nzima. Tamir hakupewa.

Sasa kwa nini nayaandika haya leo? Kwa sababu rumeti amepata nafasi ya kwenda kusoma semesta moja Maryland (hongera zake, na pole kwangu nitakayebaki na madeni ya jiko la umeme), na juzi wakati anapanga begi nikaona kitana kinaingia kwenye koti. Si begi, wadau. Koti! Mfuko wa ndani. Nikamwambia, kaka, hicho kiache. Akacheka. "Mzee, acha uoga, kitana hiki! Kimetoka huko huko, kinarudi kwao." Nikamwambia kilivyokuja kilikuwa kwa mjomba, mtu mzima, ndani ya sanduku. Sasa kitakuwa mfukoni mwa kijana mrefu, mweusi, mgeni, Kiingereza chake cha haraka kinapotea akishtuka. Wataogopa mlio kabla hawajaona meno.

Hoja yake ya pili ilikuwa nzito zaidi, lazima nikiri ilininyamazisha kidogo. Alisema: "Kwa hiyo mimi nisitaniane? Wazungu wacheke na vitana vyao, mimi nitembee mikono juu?" Jamani. Ana haki kabisa. Si haki hata kidogo kwamba mzaha mmoja uwe halali kwenye mfuko huu na hatari kwenye mfuko ule. Ningependa aishi mahali ambapo anaweza kufyatua kitana darasani watu wakacheka. Lakini haki yake haitamkinga usiku kituo cha basi, na mimi nataka arudi, ana nafasi yake pale dirishani na nimekatazwa kuigusa.

Wala tusijifanye huku kwetu ni salama. Hapa si lazima polisi. Nenda Mwenge saa mbili usiku watu wanagombania daladala, fyatua hicho kitu karibu na mkoba wa mama wa watu, halafu mtu mmoja apige kelele ya mwizi. Raia wenye hasira kali hawakagui meno. Mnajua wenyewe habari zinavyoandikwa siku ya pili yake.

Kwa hiyo mimi pendekezo langu kwa rumeti (najua anasoma hapa, hujambo kaka) ni hili. Kitana wapewe wale jamaa wa sanaa za maonyesho, wana maigizo kila semesta na siku zote wanalia hawana vifaa. Jukwaani kila mtu amelipa kiingilio ili ashtuke, hiyo ndiyo nyumba yake halali. Marekani apeleke chanuo la mbao, pale Mwenge kwa wachongaji yapo ya kila aina, yenye twiga, yenye simba. Halina springi. Wenyeji wake wataning'iniza ukutani, na kama atafuga nywele huko kwenye baridi, litapita.

Bumu likitoka wiki ijayo nalinunua mimi. La simba. Twiga kila mtu anapeleka.