Gari Lenye Tabo au Lisilo na Tabo?



Mwezi huu tunaomba ruhusa tutoke jikoni kidogo tuingie gereji. Wako watakaosema kwamba mambo ya injini ni ya akina baba. Nasi tulikuwa tukisema hivyo hivyo, mpaka mwaka ule karo ya muhula wa pili ilipoishia mkononi mwa fundi.

Ilikuwa hivi. Baba watoto alitaka Subaru Forester, na mwuzaji alikuwa nayo mawili ya mwaka 2008, rangi moja, viti vya aina moja, na kila moja lina injini ya silinda nne ya lita mbili. Tofauti tuliyoiona kwa macho ni kwamba moja lilikuwa na tundu juu ya boneti, kama pua. Hilo ndilo lenye tabo. Sisi tulichungulia nyuma kuona kama masanduku ya shule na gunia la viazi vitaenea, tukasema, "Lolote lile, baba." Hatukuuliza swali hata moja. Mwanamke huyo huyo hanunui nyanya bila kuzibonyeza!

Basi tuseme sasa yale ambayo tungeuliza.

Injini isiyo na tabo hupumua yenyewe. Pistoni ikishuka huvuta hewa, hewa huchanganyika na petroli, plagi huwasha, na gari linasukumwa. Haiwezi kuchoma petroli nyingi kuliko inavyoruhusu hewa iliyoingia. Tabo ni upepeo. Moshi wa injini, ambao kwa gari jingine hupotea tu nyuma, huzungusha gurudumu dogo lenye mapezi, nalo limeungwa kwa ufito na gurudumu la pili linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Kila aliyewahi kupepea jiko la makaa anajua kinachofuata. Makaa ni yale yale, lakini chai inachemka mapema, na makaa nayo yanakwisha mapema. Kwa kuwa hewa ikishindiliwa hupata joto, hupitishwa kwanza kwenye kipozeo ambacho mafundi hukiita intakula. Tundu lile la boneti ni la kukipelekea upepo. (Tulipolisikia jina hilo mara ya kwanza tulidhani fundi anatuonya kwamba gari litakula pesa. Hakukosea sana.)

Wazo hili si la jana. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905. Faida yake inaonekana wazi kwa magari yale mawili. Lisilo na tabo lilitoka kiwandani na nguvu za farasi 148, na lenye tabo 230, ingawa injini zote ni za sentimita za ujazo 1,994.

Tena kuna jambo linalotugusa sisi tunaokaa nyanda za juu. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na injini inayopumua yenyewe hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Farasi 148 wa Mombasa wakifika Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, wamebaki kama 125. Wakifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni kama 110, na nyuma kuna watoto wanne na magodoro. Tabo huongeza mzunguko na kuirudisha sehemu kubwa ya hewa iliyopungua. Kwa hiyo hatutaki kusikia kwamba tabo ni ya vijana wa kukimbizana tu. Ukiwa unapanda nyuma ya lori la mafuta na unahitaji kulipita upesi urudi upande wako, nguvu ile ni usalama. Tumepanda na yote mawili, na tofauti ipo.

Sasa tuje kwenye gharama, na hapa tutakaa kidogo.

Gurudumu la tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moshi unaolizungusha, gari likifanya kazi nzito, unaweza kupita nyuzi 800 za joto. Kinacholinda ule ufito usisagike ni utando mwembamba wa oili, ile ile oili ya injini. Oili ikichakaa huungua na kuacha masizi magumu. Kwenye baadhi ya injini za Subaru zenye tabo, bomba linalopeleka oili lina kichujio kidogo sana ndani ya boliti yake. Masizi yakikiziba, tabo inabaki na kiu huku stiki ya oili ikionyesha kwamba oili ipo tele.

Ndivyo ilivyotupata. Fundi alisema oili ibadilishwe kila kilomita 5,000. Sisi tuliona kwamba gari linakwenda shuleni, sokoni na nyumbani tu, tukaahirisha, tukanunua sare kwanza. Hatukujua kwamba safari fupi fupi, injini haijapata moto vizuri, ndizo zinazoichafua oili haraka. Mwezi wa tano tulikuwa tunampeleka kijana wetu shule ya bweni Eldoret. Kabla ya Timboroa tulisikia mluzi kama king'ora cha mbali. Halafu nguvu ikaisha, na nyuma ukatoka moshi wa buluu hata magari mengine yakawasha taa.

Baba watoto alisimamisha gari, akakaa kimya ameshika usukani. Tulikuwa na maneno mengi mdomoni. Tukayameza, kwa sababu pesa za oili tulikuwa tumezikataa sisi, si yeye.

Tabo ilikuwa imevunjika, na vipande vya chuma vimeingia kwenye oili, hivyo injini nzima ikafunguliwa. Kijana alikaa nyumbani wiki mbili akisubiri karo nyingine ipatikane.

Dada, kama mnataka lenye tabo, lichukueni mkijua. Oili iwe ya sinthetiki na ibadilishwe kwa wakati hata kama hakuna safari. Petroli iwe ya oteni ya juu, maana injini hiyo ikipewa hafifu hugonga, na kugonga huvunja pistoni. Mkitoka mlimani, liacheni lingurume polepole dakika moja kabla ya kuzima. Siku ya kununua, nendeni asubuhi na mapema kabla mwuzaji hajaliwasha, na mtazame rangi ya moshi. Ulizeni karatasi za kubadilisha oili. Asiye nazo, mwacheni na gari lake.

Lisilo na tabo si malaika. Magari hayo ya 2008 yote mawili yana mkanda wa taiming wa kubadilishwa karibu na kilomita 100,000, na ukikatika ni msiba kwa hili na kwa lile. Lakini lisilo na tabo husamehe. Oili ikichelewa wiki tatu, linanung'unika tu. Petroli ya kawaida linakunywa bila kesi. Mjini sisi tulipata kilomita 7 au 8 kwa lita tukiwa na tabo, na sasa bila tabo tunapata 10 tukiendesha kwa upole.

Kuna pia tabo ndogo za siku hizi, kama zile za Volkswagen za lita 1.4, ambazo injini yake hufanywa ndogo makusudi ili tabo ifidie. Hizo hula petroli kidogo mguu ukiwa mwepesi. Masharti ya oili ni yale yale.

Nyumbani kwetu, pesa za oili sasa zinakaa kwenye kopo lao, kando ya zile za gesi, na tarehe tumeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Tulilo nalo halina tundu kwenye boneti. Baba watoto akipitwa na lenye tundu pale mlimani Mai Mahiu, hulifuata kwa macho mpaka konani, nasi tunajifanya hatuoni.